Kilomita Elfu Kumi na Nne na Hatua Thelathini

Kijiko kiligonga kikombe mara tatu, kikatulia, kisha kikagonga tena.

Kalunde alifumbua macho gizani. Sauti zote za boma lake alizijua: bati linapopoa, mbuzi anapojikuna ukutani, panya anapokimbia juu ya dari. Lakini hii ya kijiko haikuwa imesikika jikoni mwake kwa miaka tisa. Tangu utotoni bintiye Mbithe alikuwa na tabia ya kukoroga chai hata ikiwa haina sukari, na marehemu baba yake alizoea kumtania kwamba siku moja atatoboa kikombe.

Kalunde akavaa sweta juu ya gauni la kulalia, akajifunga leso, akatoka. Ilikuwa saa kumi alfajiri, siku ya Jumamosi. Baridi ya vilima vya Kalama ilimuuma vidoleni, lakini hakuijali. Sasa ndiyo saa yenyewe, aliwaza. Sasa hakuna mtu. Sasa ataniambia.

Miezi miwili nyuma binti yake alikuwa amepiga simu kutoka Vancouver, huko Kanada anakofanya kazi ya uuguzi, akasema, "Mwaitu, niko na neno. Si neno la simu. Nitakuja nikuambie nikiwa nimekaa karibu na wewe." Mwaitu ndiyo mama, kwa Kikamba, na Mbithe hakuwahi kumwita kwa jina lingine. Kalunde hakuuliza ni neno gani. Alikuwa amelea watoto, na alijua kwamba mtoto anayesema ana neno hasukumwi. Husubiriwa. Akasubiri.

Kazini walimpa Mbithe siku sita, kuja na kurudi.

Hapo ndipo Masila alipojitia kati. Masila ni kifungua mimba wa Kalunde, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, na mwaka huu alikuwa ameingiwa na hamu ya kugombea uwakilishi wa wadi. Aliposikia dada yake anakuja, alitoa simu, akabonyeza, akasoma kwa sauti kama anayesoma injili: kutoka Vancouver mpaka Nairobi ni kilomita elfu kumi na nne na mia tatu, na ndege huzimaliza kwa saa kumi na sita. Akahesabu kwa vidole. Anatoka Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi yuko hapa. Basi akawaita watu Alhamisi. Mbuzi wawili wakachinjwa, ukoo ukaja, ukala, ukangoja, ukachoka, ukaenda zake.

Dereva wa teksi aliyetumwa uwanja wa ndege siku hiyo, Abdalla wa pale mjini, alirudi na gari tupu. Hakwenda kwa Masila. Alimfuata Kalunde jikoni, akavua kofia, akamweleza taratibu, kwa kuwa aliona hakuna mwingine aliyejisumbua kumweleza.

"Mama, hizo saa kumi na sita ni za ndege ambayo haipo. Ni kama mtu achukue kamba, aivute kutoka huko mpaka hapa, halafu apime. Hakuna ndege inayopita kwenye hiyo kamba. Huyu dada atafika uwanjani kwao mapema, atapanda ya kwanza saa kumi nzima, angoje kwenye nchi ya watu saa nane, apande ya pili saa tisa. Halafu pasipoti, halafu sanduku, halafu barabara. Kutoka mlango wake mpaka mlango wako ni saa thelathini na nne. Na huko kukiwa Jumatano jioni, hapa kwetu jogoo wa Alhamisi wako karibu kuwika."

"Kwa hivyo?"

"Kesho jioni, inshallah. Nitamngoja mimi mwenyewe."

Akamngoja kweli, na alipomleta Ijumaa jioni Kalunde aliona binti yake amefunikwa shuka nzito ndani ya gari, shuka ambayo haikuwa ya ndege wala ya nyumbani. Abdalla alikuwa ameitoa kwake, ameibeba. Kalunde aliikunja mwenyewe na kumrudishia kwa mikono miwili.

Masila hakukiri kosa. Alisema ndege imechelewa, akaita watu upya, Jumamosi, safari hii na hema. Na Ijumaa jioni yenyewe majirani walijaa sebuleni, wakasalimu, wakaomba, wakaimba, na wa mwisho alipoaga Mbithe alikuwa amelala kwenye kochi na viatu vyake. Kalunde alimvua kimoja kimoja. Kwa saa za kwetu, angeondoka Jumapili saa kumi jioni. Ukitoa jioni ile iliyoliwa na majirani, zilibaki siku moja na nusu na kidogo.

Ndiyo sababu kijiko kile kilimwamsha kwa furaha.

"Nimekuamsha, Mwaitu?" Mbithe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe mikononi, moto umeshawaka.

"Umeniamsha vizuri. Wewe hulali?"

"Huko kwangu sasa ni jioni. Mimi nimefika, mwili haujafika."

"Basi tuungoje," Kalunde akasema, akavuta kigoda cha pili. "Umekonda."

"Nimezeeka."

"Nani amekupa ruhusa? Mzee hapa ni mmoja."

Wakacheka kidogo. Kisha kicheko kikaisha na Mbithe akabaki akiutazama moto. Kalunde alijua kunyamaza kwa namna ya kumwachia mtu mlango wazi.

"Mwaitu," Mbithe akaanza. "Lile neno…"

"Niko hapa."

Mbithe akafungua mdomo. Wakati huohuo honi ikalia langoni, ndefu, kisha ya pili, na taa za lori zikapiga ukuta wa jikoni. Sauti ya Masila ikafuata: "Fungueni! Watu wa hema wamefika! Mbithe, uko macho? Safi sana! Njoo nikuonyeshe kitu!"

Kile kitu kilikuwa fulana. Zilikuwa katoni mbili, za rangi ya kijani, na kifuani mwa kila moja kulikuwa na uso wa Masila na uso wa Mbithe, zimebanana kama watu wanaogombania dirisha. Chini yake kumeandikwa: *Masila, Mwenye Watu Mpaka Ng'ambo*.

"Hiyo picha uliitoa wapi?" Mbithe akauliza.

"Kwa ukurasa wako wa mtandao, si uliiweka mwenyewe. Sasa vaa."

Kalunde alisimama mlangoni pa jikoni na kuni mkononi. Kile kijiti alichokishika kilivunjika vipande viwili, na hakukumbuka kukivunja.

Kutoka hapo siku ikaondoka mikononi mwake. Saa mbili wanawake wa kanisa walifika na sufuria zao. Saa tatu vikaja viti. Saa nne vikaja vipaza sauti, na mtu wa kuvijaribu akahesabu moja mbili, moja mbili, mpaka mbuzi wakahama upande wa pili wa boma. Kalunde alimwona Mbithe akivutwa huku na kule kama nguo ya mnadani: apige picha na kamati, apige picha na mchungaji, apige picha na tangi la maji, ingawa tangi lenyewe lilinunuliwa na marehemu baba yao.

Saa tano Kalunde alimkamata mkono karibu na ghala. "Njoo hapa nyuma. Haraka. Sema."

Mbithe akashusha pumzi. "Mwaitu, si neno la haraka."

Maneno hayo yalimchoma bibi kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kabla hajajibu, Peris, binamu wa marehemu mumewe, akachomoza kwenye kona ya ghala. "Aa! Kumbe mnajificha! Mbithe, umekuwa Mzungu, hutusalimu? Wakwe zako wa kesho watakuonaje?" Akamshika, akamzungusha, akamtazama tumbo na kiuno bila haya. "Na mtoto je? Huko ni baridi sana, hawazai?"

Uso wa Mbithe ulifunga. Ulifunga kama duka. Kalunde aliona, na ingawa hakuelewa, jambo fulani lilimgusa mbavuni.

"Peris," akasema, "nenda ukatazame wali."

"Nani ameuweka wali?"

"Nenda ukaulize."

Lakini Masila naye akaita kutoka hemani, na Mbithe akaenda, na Kalunde akabaki nyuma ya ghala na viganja vitupu.

Saa tisa alasiri ndipo lilipotokea. Watu walikuwa wameshakula. Meza kuu ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, katikati ameketishwa Mbithe, kulia kwake Masila, kushoto mchungaji. Msema chochote, yaani mshereheshaji wa siku hiyo, Wathome, ambaye huitwa kwenye kila arusi toka hapa mpaka Kathiani, alikuwa amekamata kipaza sauti kwa saa nzima.

"Watu wa Kalama! Mnajua huyu dada ametoka wapi? Kilomita ngapi, mheshimiwa?"

"Elfu kumi na nne na mia tatu!" Masila akajibu, ingawa hakuna aliyempigia kura bado.

"Elfu kumi na nne! Wewe Musembi ukienda Machakos mjini unasema umesafiri!"

Watu wakacheka. Wathome akageuka. "Sasa mgeni wetu atusalimie… Haiya! Tazameni! Mgeni amelala!"

Kweli Mbithe alikuwa amelala. Kichwa kilikuwa kimeanguka kifuani, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea juu ya kile kitambaa cheupe. Huko kwake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa ameshindana na usingizi kutwa nzima na usingizi ulikuwa umemshinda mbele ya watu mia tatu.

"Hiyo ndiyo pilau ya kwetu!" Wathome akapaza. "Inaangusha mpaka watu wa Kanada! Mpigieni makofi aamke! Moja, mbili…"

Vicheko vikapanda. Vijana wakanyanyua simu, wakaanza kumpiga picha. Masila naye akacheka, akamgusa dada yake begani kwa kidole kimoja, mara mbili, kama mtu anayejaribu ukuta kama rangi imekauka.

Kalunde alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye utepe. Hasira zake hazikuja kwa kishindo. Zilikuwa zimekuja tangu alfajiri, kidogo kidogo, na sasa zilikuwa zimejaa mpaka shingoni. Akainuka. Mguu wake wa kushoto una tatizo, kwa hiyo alitembea polepole, na kwa vile alitembea polepole watu walipata muda wa kunyamaza. Akanyoosha mkono kwa Wathome.

"Nipe."

"Mama Masila anataka kusalimia! Makofi kwa…"

"Wathome. Nipe hicho chuma."

Akampa.

Kalunde hakuwahi kushika kipaza sauti maishani. Alikishika kwa mikono miwili, mbali na mdomo, kama mtu anayeshika kuku mwenye kucha.

"Hamjambo," akasema. "Ahsanteni. Mmekula?"

"Tumekula!"

"Kuna mtu hajakula?"

Watu wakatikisa vichwa.

"Vizuri. Mmenisaidia kupika, mmenisaidia kubeba maji. Mke wa Mwangangi ameosha sufuria zangu zote tangu asubuhi na hakuna aliyemtangaza kwenye spika; nimemwona. Ahsante, mama." Akapumua. "Masila amewasomea kilomita. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, lakini hesabu yangu iko. Huyu mtoto amekuja kilomita elfu kumi na nne. Saa thelathini na nne. Si kumi na sita. Hiyo kumi na sita ni ya Masila peke yake. Amekuja kwa sababu ana neno la kuniambia mimi, mama yake. Sasa tazameni. Kutoka hapo alipolala mpaka jikoni kwangu ni hatua thelathini. Nimezihesabu. Tangu jana jioni hajaweza kufika akalimaliza neno lake. Ndege mbili zimeweza. Bahari imewezekana. Hatua thelathini zimemshinda, kwa sababu sisi tumekaa hapo katikati."

Akamwonyesha Mbithe kwa kidevu.

"Mnamchekea amelala. Huyu ni mgonjwa wa safari, na nyinyi mnampiga picha. Mtu akija kwenu amechoka mnamwekea mkeka au mnamwekea spika?"

"Mwaitu," Masila akanong'ona, amesimama, tabasamu bado limegandia usoni. "Mwaitu, rudisha kipaza. Watu wa chama wako hapa."

"Nimewaona. Wamekula vizuri." Akarudi kwa watu. "Katika boma hili hajawahi kufukuzwa mgeni. Mama mkwe wangu hakufukuza, mimi sijafukuza kwa miaka hamsini. Leo nafukuza. Nendeni nyumbani. Nitawafuata mmoja mmoja kuwaomba radhi, mkitaka nije na sukari nitakuja na sukari. Lakini sasa hivi, nendeni."

Hawakuondoka mara moja. Watu hawaamini jambo kama hilo wakiambiwa mara moja. Ikabidi mzee mmoja ainuke, avae kofia, aseme, "Amesema twende," ndipo viti vikaanza kusogea. Peris aliondoka akinung'unika kwamba uzee umempanda Kalunde kichwani. Wanawake wa kanisa walimshika mkono wakipita, na wawili walikuwa na machozi.

Masila alibaki. Alipokuwa hana watu mbele yake, uso ulimwanguka.

"Umenimaliza, Mwaitu. Unajua? Umenimaliza mbele ya wadi nzima."

"Sawa."

"Nilifanya haya yote kwa ajili yake! Kumheshimu!"

"Ulimweka kwenye fulana, Masila. Uliniambia saa kumi na sita, nikakaa langoni Alhamisi kutwa nikiamini, kwa sababu wewe ndiwe mwenye simu. Abdalla ndiye aliyekuja kuniambia ukweli. Mtu wa kando. Wewe ulisema ndege imechelewa."

"Ni makosa ya hesabu tu!"

"Makosa ya hesabu yanasemwa: nimekosea. Ni neno fupi. Nenda kwako. Wewe ni mtoto wangu na kesho bado utakuwa mtoto wangu. Lakini leo sitaki kukuona."

Akaondoka. Aliondoka akiwasha gari kwa nguvu, na Kalunde alisikia sauti ya gari mpaka lilipofika barabara ya chini.

Kisha akamrudia binti yake. Mbithe alikuwa bado amelala mezani, peke yake chini ya hema kubwa lenye viti mia tatu vitupu. Mtu mwingine angemwamsha hapohapo, maana muda ulikuwa unakwenda. Kalunde alikivuta kiti karibu, akampangusa jasho kwa pembe ya leso, akakaa akiwafukuza nzi. Saa mbili nzima. Aliziacha ziende. Zilimuuma, lakini aliziacha.

Jua lilipokuwa linaegemea mlima Mbithe akaamka, akatazama viti.

"Watu wameenda wapi?"

"Kwao."

"Umefanya nini, Mwaitu?"

"Nimefanya nafasi. Njoo."

Wakatembea zile hatua thelathini, mmoja akiburuta mguu, mwingine akiburuta usingizi. Jikoni Kalunde akafunga mlango na kutia komeo.

Mbithe hakuanza mbali. "Nilizaa, Mwaitu. Mwezi wa tatu. Mtoto wa kike."

Kalunde akashika ukingo wa kigoda.

"Sikukuambia nikiwa na mimba kwa sababu baba yake alikuwa ameshaenda zake. Nilisema nitakuja naye, nikuwekee mapajani, ndipo uulize maswali. Alizaliwa mapema, miezi sita na kidogo. Aliishi saa arobaini na moja."

Moto ulipasuka. Hakuna aliyeutazama.

"Walimweka ndani ya kile kisanduku cha kioo. Nilikaa kando. Wewe unajua mimi nikiwa na hofu huwa nahesabu. Nilihesabu safari. Saa thelathini na nne, mlango kwa mlango. Nikasema, kama Mwaitu angetoka Kalama saa hii aliyozaliwa, angemkuta. Angemkuta bado ana saa saba."

Kalunde aliinuka. Alikwenda mpaka ukutani, akarudi. Zile hasira alizodhani zimeisha hemani zilikuwa hazijafika hata nusu.

"Saa saba," akasema. "Saa saba! Na hukuniita?"

"Ningekuita uje na nini? Viza ni miezi minne. Wanataka barua, wanataka vidole, wanataka kujua kama utarudi…"

"Sijui viza! Ungeniita! Ningekwenda pale Nairobi nikalala mlangoni kwao, wangenifukuza wakiwa wamenijua! Miezi minane umekaa na hili peke yako kwenye baridi, na mimi nauza maharagwe, nakupigia simu nakuuliza umekula nini, na wewe unaniambia umekula kuku!"

"Nilikuwa nimekula kuku kweli," Mbithe akasema, na hapo akalia. Alilia kwa namna ambayo huko anakoishi labda hakuna ukuta mzito wa kutosha kuzuia.

Kalunde alimshika. Alimshika na bado alikuwa na hasira. Alikuwa na hasira na Vancouver, na kioo, na mwanamume asiyemjua, na mtu aliyeweka kilomita zote hizo hapo katikati. Alimshika mpaka makaa yakawa mekundu tupu.

"Kulikuwa na mtu na wewe?" akauliza baadaye.

"Muuguzi mmoja wa zamu, mama wa Kifilipino. Zamu yake ilikwisha, akakataa kwenda nyumbani. Alikaa mpaka mwisho. Aliniletea soksi."

"Jina lake?"

"Rosario."

"Rosario," Kalunde akarudia, ili asilisahau.

Ndipo Mbithe akatoa kwenye mfuko wa koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya hospitali. Ilikuwa na alama mbili za nyayo, ndogo kuliko kidole gumba cha bibi, na mistari iliyojazwa kwa kalamu: uzito, siku, saa. Mstari wa juu kabisa ulikuwa mtupu.

"Hapo ni jina. Waliniuliza nikasema mimi sina uwezo wa kumpa. Kwetu jina hutolewa siku ya tatu, na hutolewa na wakubwa. Na huyu hakufika siku ya tatu." Akapangusa pua. "Neno langu ni hilo, Mwaitu. Nimekuja umpe jina."

Kalunde aliitazama ile karatasi. Alijua desturi. Mtoto asiyefika siku ya tatu hakupewa jina. Alizikwa kimya, na mama akaambiwa anyamaze, na watu wakaendelea kulima. Na hata kama angefika, mtoto wa kwanza wa kike huitwa kwa jina la bibi wa upande wa baba. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hakuwahi kuuliza. Sasa aliuliza, na hakupata jibu lililomridhisha.

"Mama yake huyo mwanamume amewahi kukupigia simu?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hapana, Mwaitu."

"Basi amepoteza zamu yake. Lala. Nitampa kesho asubuhi. Mtoto hapewi jina na mtu mwenye hasira hivi."

Jumapili hawakwenda kanisani. Kalunde alioga, akavaa gauni lake la Krismasi, akakaa mlangoni pa jikoni palipoingia jua. Akaiweka karatasi mapajani, akaifunika kwa mikono yote miwili kama anavyofunikwa mtoto, akatema mate kidogo ya baraka hewani, kama mama mkwe wake alivyowafanyia wanawe wote.

"Wewe ni Kalunde," akaiambia. "Ni mimi huyo. Hukufika siku ya tatu, si kosa lako. Mimi ndiye sikufika. Huko uliko ukiulizwa ni wa nani, sema ni wa Mbithe, wa Kalama. Wakikuzungusha, niite."

Akaomba kalamu. Aliandika mwenyewe, herufi kubwa zilizoachana, na ile E ya mwisho ilitoka nje ya mstari. Mbithe alipoipokea aliibusu ile E.

Wakala viazi vitamu. Wakaongea juu ya soksi, na theluji, na mbuzi mwenye pembe moja. Mbithe akacheka mara mbili; Kalunde alizihesabu.

Saa nane Masila akaja, kwa miguu kutoka barabarani, amevaa shati la kawaida. Akasimama nje ya lango bila kubisha. Mbithe ndiye aliyemwendea. Kalunde aliwaona wakiongea kwa muda mfupi, kisha akaona Masila akishika nguzo ya lango na kuinamisha kichwa. Alipoingia, macho yalikuwa mekundu.

"Mwaitu. Nilikosea hesabu."

"Nimesikia. Kula viazi."

Hakumwambia zaidi. Bado alikuwa na kinyongo, na kinyongo chake hakiishi kwa siku moja. Lakini alimchagulia kiazi kikubwa.

Gari la Abdalla lilikuwa limefika tangu saa saba na nusu. Alikuwa amelisimamisha mbali, chini ya mti wa barabarani, na hakupiga honi hata mara moja. Saa kumi ilipopita akangoja. Saa kumi na robo akangoja. Ndipo akaja taratibu, kofia mkononi. "Mama, nimewaibia robo saa. Nitakimbia kidogo Athi River. Zaidi ya hapo ndege itatushinda."

"Mungu akuone, Abdalla."

Masila akabeba sanduku. Mbithe alikuwa na ile karatasi kifuani, ndani ya nguo. Mbele ya gari akamkumbatia mama yake, na Kalunde akahisi mifupa ya mabega yake, na hasira zikampanda tena, zilezile, za saa na kilomita na vipande vya karatasi ambavyo watu huvidai kabla ya kukuruhusu kumwona mtoto wako.

"Saa thelathini na nne," akasema.

"Ndiyo, Mwaitu."

"Ukifika, piga simu. Usiniambie umekula kuku." Akafunga mlango wa gari, kisha akaufungua tena. "Mbithe. Uje tena. Sikia. Safari nyingine usingoje mpaka uwe na neno. Uje hata kama huna neno lolote, uje tu tukae."